Maradhi ya Vijana Yahesabiwe

Ugonjwa unaomwangusha mtu kitandani hujitangaza wenyewe. Jirani huja kumjulia hali, ndugu hutafuta pikipiki ya kumfikisha zahanati, na jina lake huandikwa katika daftari la mganga. Lakini ugonjwa unaopita ndani ya mwili wa kijana bila kumwangusha hauandikwi popote. Kijana huyo huendelea kwenda shule, kucheza mpira na kulala bwenini pamoja na wenzake, na siku ya likizo hurudi kijijini kula sahani moja na bibi yake. Yeye hupona bila hata kujua kwamba aliugua; bibi ndiye azikwaye. Hivyo ndivyo UVIKO-19 ulivyopita miongoni mwa vijana duniani kote, na hiyo ndiyo sababu inayotosha kwa kila mwalimu na kila mtumishi wa umma kutafakari jambo moja ambalo limepuuzwa mno, nalo ni kuhesabu maradhi ya vijana.

Wananchi wa Masasi na Newala wanayo sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Katika miaka ya 1952 na 1953, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika ya wakati ule, homa ngeni ilivamia vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde na majirani zake. Ilikuja kwa ghafla, ikafuatana na maumivu makali ya viungo yaliyowafanya hata watu wenye nguvu zao washindwe kunyooka. Wenyeji waliipa jina kwa Kimakonde, chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Jina hilo lililotoka vinywani mwa wakulima wa Newala leo limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima.

Jina hilo lisingefika huko kama ugonjwa usingechunguzwa na kuhesabiwa. Daktari Marion Robinson alizieleza dalili zake, na mtaalamu W. H. R. Lumsden akaeleza jinsi ulivyoenea katika vijiji. Maandishi yao yote mawili yalichapishwa mwaka 1955. Mtaalamu mwingine, R. W. Ross, alivitenga virusi vyenyewe kutoka katika damu ya wagonjwa na kutoka kwa mbu, akatangaza matokeo yake mwaka 1956. Kwa njia hiyo dunia ilijua kwamba homa ile iliyofanana sana na dengi haikuwa dengi, bali ugonjwa wenye virusi vyake wenyewe.

Tena uchunguzi huo ulifichua siri ya nyumbani. Uwanda wa Makonde una mvua lakini ardhi yake hunywa maji upesi, na kwa vizazi vingi kina mama walilazimika kuteremka mabonde marefu kuyateka. Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayamwagwi. Yalihifadhiwa katika mitungi ndani ya nyumba. Mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana, hupenda kutaga mayai yake katika maji ya namna hiyo hasa. Kwa hiyo chanzo cha ugonjwa hakikuwa laana wala uzembe wa wananchi. Chanzo kilikuwa shida ya maji. Hapo ndipo ilipo faida ya hesabu na uchunguzi: huondoa lawama kwa mgonjwa na kuielekeza nguvu ya taifa mahali panapostahili.

Ugonjwa huo haukubaki Newala. Mwaka 2004 uliingia kisiwa cha Lamu nchini Kenya, na wachunguzi walipopima damu za wakazi walikuta kwamba takriban watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Baadaye ulivuka hadi Komoro, na katika miaka ya 2005 na 2006 ukakishika kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya wakazi waliugua. Idadi ya namna ile ya Lamu haipatikani kwa kuwahesabu wanaofika hospitalini peke yao. Hupatikana kwa kupima kingamwili katika damu, ambayo ni kumbukumbu mwili unayoiweka kuhusu ugonjwa uliokwisha kupita.

Kipimo hicho hicho ndicho kilichofichua ukweli kuhusu UVIKO-19. Nchini Kenya, hadi mwanzoni mwa Juni 2020, wagonjwa waliothibitishwa walizidi kidogo tu 2,000. Lakini watafiti walipopima damu iliyotolewa na wachangiaji wa hiari katika miezi hiyo, walikadiria kwamba zaidi ya watu 4 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Na katika miezi ya mwanzo ya 2021 kiwango hicho kilikuwa kimekaribia nusu. Nchini Marekani, yenye maabara nyingi na fedha nyingi, hadi Februari 2022 vijana wapatao 74 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa na alama za maambukizo katika damu zao. Miezi miwili tu kabla ya hapo walikuwa chini ya nusu. Wengi wa vijana hao hawakuwahi kulazwa.

Tanzania ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata ikatangazwa kwamba shule zifungwe. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na wengine tarehe 29 Juni mwaka huo. Baada ya idadi iliyotangazwa kufikia wagonjwa 509 na vifo 21 mwaka 2020, takwimu hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo wanafunzi walirudi madarasani na mabwenini bila mwalimu kuwa na namba yoyote ya kumwongoza. Serikali ya Awamu ya Sita ilipoingia madarakani mwaka 2021 iliunda kamati ya wataalamu, ikarejesha utoaji wa takwimu, na tarehe 28 Julai mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa nao ulitumika, pamoja na mambo mengine, kujenga vyumba 15,000 vya madarasa, jambo lililopunguza msongamano ambao ni rafiki wa kila ugonjwa wa njia ya hewa.

Hatua hizo zilikuwa sahihi na zinastahili sifa. Hata hivyo chanjo hiyo ilianza kwa watu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na vipimo vilielekezwa kwa wasafiri na wagonjwa. Mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 15 alikuwa nje ya orodha zote mbili. Hakuna mlima wala mto unaozuia pumzi ya binadamu. Ikiwa vijana watatu katika kila wanne wa Marekani waliambukizwa, hakuna hoja ya haki inayoweza kusema kwamba mabweni ya Masasi na Newala yalisalimika. Kinachoweza kusemwa ni kwamba maambukizo hayo yalipita bila kuandikwa.

Wapo watakaouliza: ya nini kuhesabu kilichokwisha kupita? Jibu ni kwamba UVIKO-19 haukuwa ugonjwa wa kwanza kujificha katika miili ya wanafunzi, wala hautakuwa wa mwisho. Malaria hufanya hivyo kila mwaka. Mwaka 2015 Tanzania iliwapima wanafunzi zaidi ya 49,000 wenye umri wa miaka 5 hadi 16 katika shule za Bara, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikutwa na vimelea vya malaria. Hawa hawakuwa wagonjwa waliolala wodini. Walikuwa watoto waliofika shuleni asubuhi hiyo wakiwa na madaftari yao. Mkoa wa Mtwara, wenye wilaya za Masasi na Newala, bado una mzigo mkubwa: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban watoto 20 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa na malaria, wakati wastani wa taifa ulikuwa 8.

Jambo la kutia moyo ni kwamba shule imekwisha kuthibitisha uwezo wake. Mwaka 2013 mikoa ya kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma, ndiyo iliyotangulia nchini katika mpango wa kugawa vyandarua kupitia wanafunzi. Mwalimu aliandika majina, mtoto akabeba chandarua, nyumba nzima ikapata kinga. Kazi iliyofanywa kwa chandarua inaweza kufanywa kwa taarifa.

Chombo cha kwanza cha kazi hiyo kiko mezani kwa kila mwalimu wa darasa, nacho ni daftari la mahudhurio. Leo daftari hilo husema tu kwamba mwanafunzi yupo au hayupo. Katika miezi ya korosho, wanafunzi kumi wasipofika darasani, wepesi wa mawazo husema kwamba wamekwenda shambani kuokota. Huenda ni kweli. Huenda pia sita kati yao wana homa. Alama moja ya ziada, yenye kutofautisha aliyekwenda shamba na aliye mgonjwa, ingemwezesha mwalimu mkuu kumpelekea mganga wa zahanati jumla ya wagonjwa kila Ijumaa. Jumla hiyo ikipanda ghafla katika shule tatu za kata moja, Mganga Mkuu wa Wilaya asingehitaji kungoja msiba ndipo atume wapimaji.

Lazima pia itajwe tabia mbaya iliyomo katika baadhi ya ofisi, ya kuiogopa takwimu mbaya. Mtumishi hupunguza namba ili wilaya yake isionekane ya mwisho, na mkubwa wake huipokea namba hiyo kwa furaha kwa kuwa nayo inamfaa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wilaya inayoripoti homa nyingi kwa ukweli inastahili dawa, vipimo na pongezi. Inayostahili kuulizwa maswali ni ile isiyoripoti chochote mwaka mzima. Viongozi wa Chama na Serikali katika ngazi zote hawana budi kuuweka msimamo huo wazi, ili mwalimu wa kijijini asiadhibiwe kwa kusema kweli.

Kuhesabu nako kuna adabu yake. Jina la mwanafunzi aliyeugua lisisomwe mbele ya gwaride. Damu ya mtoto isichukuliwe bila ridhaa ya mzazi wake na maelezo yanayoeleweka. Na namba zikikusanywa zirudishwe kijijini, katika mkutano wa hadhara, pamoja na maelekezo ya la kufanya. Wananchi wakiulizwa mara kumi bila kuletewa jibu, mara ya kumi na moja watanyamaza, na watakuwa na haki.

Aidha hesabu bila hatua ni karatasi tupu. Kwa kuwa shida ya maji ndiyo iliyomkaribisha mbu ndani ya nyumba mwaka 1952, maji ya bomba katika uwanda wa Makonde ni kinga sawa na dawa. Kuingizwa kwa Makonde katika mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo nafuu kutoka India kulikuwa uamuzi wa afya kama ulivyokuwa uamuzi wa maji. Mahali ambapo bomba halijafika, kila mtungi, pipa na tangi la shule lifunikwe na lisafishwe kila wiki, na Bwana Afya aonekane shuleni kabla ya mvua, si baada ya homa.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kutenda. Walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka majani. Hawakuwa na kompyuta wala maabara za kisasa. Walikuwa na daftari, kalamu, jembe na kiongozi wa kikundi aliyejua ni nyumba ngapi zilikwisha kutekeleza na ngapi bado. Walimu wa leo katika Masasi na Newala wana elimu zaidi na vyombo zaidi. Waanze na alama moja katika daftari la Jumatatu.