Uso Mkavu Hauna Taifa

Nimeisoma kwa taadhima hoja ya mwandishi aliyenena kwamba Mwingereza hutania kwa uso mkavu, ilhali Mmarekani huucheka mzaha wake kabla ya msikilizaji. Nami naikataa, kwani tangu mwaka 1895 Mark Twain, katika insha yake juu ya ufundi wa kusimulia, aliligeuza dai hilo kichwa chini miguu juu, akamsifu Mmarekani asimuliaye kana kwamba hana habari ya kichekesho, na kumsuta Mwingereza kwa kuwa wa kwanza kucheka. (Kila taifa, naona, hujitunuku uso mkavu.)

Hata huku kwetu, ambako Waingereza walifungua mashamba makubwa ya chai ya Kericho katika miaka ya 1920, na wamishenari wa Kimarekani wakajenga hospitali yao Tenwek, Bomet, mizani ya hoja hiyo ina kasoro: mchuma chai anayengoja majani yake yapimwe, sawasawa na mgonjwa anayengoja dawa, huucheka mzaha wa mwenye mamlaka kwa adabu, pengine kwa hofu. Basi mwandishi atubainishie kwanza: mizaha aliyoilinganisha ilisemwa na nani, mbele ya nani, na je, msikilizaji alikuwa na ruhusa ya kununa?