NAMBA YA SIRI SI YA KUGAWA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Siku hizi fedha ya korosho haihesabiwi mezani kama zamani. Inaingia benki au kwenye simu. Hilo ni jema, jambazi wa panga hana cha kupora njiani. Lakini kupe hajafa, amehamia kwenye simu. Msimu wa malipo anaujua kuliko sisi. Fedha ikiingia tu, naye huyo: "Ile hela itume kwenye namba hii." Au, "Nimekosea nimekutumia laki, nirudishie." Au, "Napiga kutoka makao makuu, nitajie namba iliyoingia kwenye simu yako."

Wapo kati yetu wanaosema ati anayeibiwa hivyo ni mjinga, amejitakia. Usemi huo unamsaidia mwizi. Mwenzetu akichekwa kilabuni leo, kesho mwingine akiibiwa atanyamaza. Akinyamaza, ujumbe ule ule unaingia nyumba ya pili na ya tatu. Mwizi anashiba kwa haya yetu.

Na hebu sisi tunaocheka, kadi zetu za benki ziko wapi? Nyingine ziko kwa mwenye duka, rehani ya deni, na namba ya siri imeandikwa kwa kalamu mgongoni. Wengine tunampa wakala simu atubonyezee, ati macho hayaoni. Je, ungempa mtu ufunguo wa ghala la ushirika kwa kuwa ni mpole tu?

Basi tushike haya:

1. Kupokea fedha hakuhitaji namba ya siri. Anayekuambia uibonyeze ili upokee, anakuibia.

2. Ukiambiwa umetumiwa fedha kwa makosa, tazama salio kwanza. Ujumbe mtu yeyote anaweza kuuandika. Kama kweli imeingia, usiirudishe kwa mkono wako. Aliyekosea aipigie kampuni yake ya simu.

3. Namba ya siri haijui cheo. Meneja wa benki haiombi, katibu wa AMCOS haiombi, wala mimi siiombi.

4. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua, nenda ikafutwe.

5. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040.

6. Ukiibiwa, usingoje asubuhi. Ipigie kampuni ya simu au benki saa ile ile wazuie, kisha nenda polisi. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, haikuandikwa kwa ajili ya watu wa mjini peke yao.

Asiyeweza kusoma ujumbe wake aje darasa la kisomo. Anayesomewa kila kitu, siku moja atasomewa uongo.

Ndugu zangu, mikorosho tumeipalilia wenyewe, tumeipulizia dawa wenyewe, tumeokota wenyewe. Fedha yake tuilinde wenyewe. Na aliyeibiwa asichekwe. Apewe nafasi mkutanoni aseme alivyoibiwa, ili mwizi asipate nyumba ya pili.

Katibu wa Tawi