Ufa wa Reli Haungoji Mwisho wa Mwezi



Sisi watu wa reli twajua kwamba ufa wa chuma hauonwi na abiria. Huonwa na yule aitembeaye njia kwa miguu. Ukionekana mapema ni kazi ndogo; ukiachwa, gari zima huanguka.

Saratani ya titi ni vivyo hivyo. Katika Kenya ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote. Mwaka 2022 wagonjwa wapya walikadiriwa kupita 7,000. Nasi tuko kazini Makindu, Mtito Andei au Mombasa, na wake zetu wako nyumbani Kitui na Makueni.

Mke wa mwenzetu mmoja aliona uvimbe mdogo titini. Haukumwuma, basi akangoja mumewe aje na mshahara. Mwezi ukawa miezi minane. Alipopimwa, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mifupani. Tulimzika. Tusimlaumu mama yule. Kosa ni letu wanaume, tunaoshika fedha na ruhusa mkononi.

Sikilizeni dalili: uvimbe titini au kwapani, hata usipouma, ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kurudi ndani, kutoa damu au kuwa na kidonda kisichopona. Uvimbe mwingi si saratani, lakini hakuna ajuaye kwa kutazama tu. Sharti kipande kidogo cha nyama kitolewe kipimwe. Aanze zahanati ya karibu, apewe barua ya kwenda hospitali kubwa ya Wote au ya Kitui. Shirika la Afya la Dunia lasema tangu mgonjwa afike mara ya kwanza hadi ugonjwa kujulikana zisipite siku 60.

Wengine huogopa kwamba titi litakatwa. Si lazima kila mara. Uvimbe ukiwa mdogo, pengine huondolewa wenyewe, kisha mionzi. Wengine hupewa dawa za mishipani, wengine vidonge kwa miaka. Aliyeanza matibabu asiyakatize njiani akijiona amepona. Hata mwanamume huweza kupata ugonjwa huu, ingawa ni mara chache.

Tangu Oktoba 1 ya 2024 twakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa bima ya afya ya SHA. Je, mkeo na watoto umewaandikisha? Fedha ni zako, usiziache zilale.

Nacho chama chetu kina kazi. Twataka viongozi wapeleke kwa mwajiri neno hili: mfanyakazi apewe ruhusa yenye mshahara kumpeleka mkewe kupimwa na kutibiwa, na wanawake walio kazini wapewe ruhusa hiyo kwa ajili yao wenyewe. Jambo hili liletwe katika mkutano ujao wa kila tawi.

Leo jioni, ndugu, piga simu nyumbani. Uliza, kisha tuma nauli.