Ualbino: Macho ya msanii yanaposahauliwa

JUA la saa sita katika soko la Mwaloni, Kirumba, humulika maji ya Ziwa Victoria na kurudi machoni mwa kila anayeshusha dagaa kutoka visiwani. Kwa wengi ni usumbufu wa kukunja uso tu. Kwa mtu mwenye ualbino ni maumivu.

Katika mojawapo ya visiwa hivyo, Ukerewe, ndiko lilikozaliwa kundi la muziki linalojulikana kama Tanzania Albinism Collective. Mwaka 2017 kundi hilo lilitoa albamu ya White African Power, iliyotayarishwa na Ian Brennan wa Marekani, na mwaka huohuo likapanda jukwaa la tamasha la WOMAD nchini Uingereza.

Sifa zilizofuata zilihusu ujasiri wa wasanii hao mbele ya unyanyapaa na mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa. Ni sifa za haki. Hata hivyo, upo upande wa ualbino usiopigiwa kelele, nao ni macho.

Ualbino hutokana na upungufu wa melanini, rangi ya asili ya mwili. Rangi hiyo hailindi ngozi peke yake. Huhitajika pia jicho linapoumbika tumboni mwa mama. Inapopungua, sehemu ya katikati ya retina, inayompa mtu uwezo wa kuona vitu vidogo, haikamiliki. Ndiyo maana wengi huwa na uoni hafifu, macho yanayochezacheza yenyewe, makengeza, na kutostahimili mwanga mkali. Taa za jukwaani, ambazo msanii mwingine huzitamani, kwao huweza kuwa adha.

Habari njema ni kwamba kwa kawaida hali hiyo haimfikishi mtu kwenye upofu. Habari ngumu ni kwamba haina tiba ya kuiondoa. Miwani hurekebisha kasoro ya jicho katika kupinda mwanga, lakini haiwezi kuijenga upya retina. Mzazi anayejinyima kununua miwani, kisha akaona mwanawe bado hasomi ubaoni, hukata tamaa na kudhani mtoto ni mzito wa akili.

Kumbe msaada wa kweli ni mkusanyiko wa mambo madogo: miwani iliyopimwa na kupimwa tena mtoto anapokua, vioo vya kupunguza mwanga, lenzi ya kukuzia maandishi, darubini ndogo ya kutazamia ubao, kofia pana na kiti cha mbele darasani. Mawili ya mwisho hayahitaji daktari.

Mfano wa Salif Keita wa Mali unafundisha. Alitamani kuwa mwalimu, lakini uoni hafifu ukamfungia mlango huo, akageukia muziki. Dunia ikapata mwimbaji mkubwa. Lakini si kila mtoto aliyeshindwa kusoma ubaoni amejaliwa sauti ya Keita, na sanaa haipaswi kuwa mlango pekee uliobaki wazi.

Katika Kanda ya Ziwa, huduma za kibingwa zinapatikana Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, na shirika la Standing Voice limekuwa likiendesha kliniki za macho kwa watu wenye ualbino. Lakini kwa mkazi wa kisiwani, safari ya matibabu huanza na nauli ya chombo, chakula na mahali pa kulala, kabla hajafika mbele ya daktari.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kwa watu hawa, kipimo chake hakitakuwa idadi ya kadi zitakazogawiwa, bali kama miwani na lenzi zitamfikia mtoto wa Ukerewe kabla hajaacha shule. Kila Juni 13, siku ya kimataifa ya kuhamasisha uelewa kuhusu ualbino, hotuba hutolewa na nyimbo huimbwa. Anayeimba naye anastahili kuyaona maandishi ya wimbo wake.