Watoto wa Shule ya Msingi Wasifundishwe Kupiga Mpira kwa Kichwa

Katika viwanja vingi vya shule za msingi, mwalimu wa michezo huwapanga wanafunzi kwenye mstari na kuwarushia mpira mmoja baada ya mwingine ili waupige kwa kichwa. Anayefumba macho au kuinamisha shingo huchekwa kuwa mwoga. Mazoezi ya namna hii hayana budi kukomeshwa kwa watoto walio chini ya miaka 12, na sababu za kuyakomesha ni za kitabibu kabla ya kuwa za kimichezo.

Kichwa cha mtoto ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake, ilhali misuli ya shingo yake bado ni dhaifu. Mtu mzima aliyekaza shingo hulipokea pigo la mpira kwa kichwa na kiwiliwili pamoja. Kwa mtoto, kichwa husukumwa peke yake, na ubongo ulio ndani hutikisika. Aidha, nyuzi za neva katika ubongo wa mtoto hazijamaliza kupata utando wa mafuta unaozifunika, kazi ambayo huendelea hadi ujanani. Juu ya hayo, mpira unaotumika mara nyingi ni ule wa watu wazima, wenye gramu 410 hadi 450, maana shule yenye mpira mmoja haina nafasi ya kuchagua. Kwa jambo hili wacheza chandimu wana nafuu: mpira wa matambara hauruki juu, hivyo kichwa hakina kazi.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Scotland. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, wakiongozwa na Willie Stewart, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanasoka wa kulipwa wa zamani 7,676 na watu wengine 23,028 wa umri na hali ya maisha inayolingana. Vifo vilivyotokana na magonjwa ya kuharibika kwa ubongo, kama vile dimenshia, vilikuwa mara tatu na nusu zaidi kwa wanasoka. Mwaka 2021 timu hiyo ilitazama nafasi za wachezaji uwanjani. Kwa makipa, hatari haikutofautiana kwa uhakika na ya watu wa kawaida. Kwa mabeki, ilikaribia mara tano. Kipa na beki husafiri kwa basi moja na kula meza moja. Kinachowatenga zaidi ni idadi ya mipira wanayoipiga kwa kichwa.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Waliochunguzwa walikuwa watu wazima waliocheza kwa miaka mingi, wengine kwa mipira ya ngozi iliyolowa maji. Haijathibitishwa kwamba mtoto apigaye vichwa kwa miaka miwili au mitatu atapata ugonjwa uzeeni. Tena utafiti uleule ulionyesha kuwa wanasoka hao walikufa kidogo kuliko wenzao kwa maradhi ya moyo na saratani ya mapafu, kwa hiyo mzazi anayemzuia mtoto kucheza kabisa humnyima kinga ya kweli. Lakini kinachoombwa hapa si kuacha mpira. Ni kuahirisha ufundi mmoja ambao kijana aweza kujifunza akiwa na miaka 13 bila kupungukiwa chochote. Anayetaka uthibitisho kamili kwanza anataka watoto wa leo wafike miaka sabini ndipo wahesabiwe.

Marekani, baada ya wazazi kwenda mahakamani, shirikisho la soka lilipiga marufuku vichwa kwa watoto wa miaka 10 na chini mwaka 2015. Uingereza, vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland Kaskazini viliondoa vichwa katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi mwaka 2020. Husemwa kuwa huo ni wasiwasi wa matajiri. Kinyume chake ndicho sahihi: palipo na mashine chache za kupiga picha za ubongo na madaktari wachache wa upasuaji wake, tahadhari ndiyo tiba ya bei nafuu. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA yakiwamo, yangeweza kuanza na kanuni nyepesi, kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 apigaye kichwa kwa makusudi, timu pinzani ipewe faulo.

Upande wa zahanati kuna kasoro nyingine. Mtoto akiletwa jioni akilalamika kichwa na kutapika, malaria hukumbukwa mara moja, nayo ipimwe. Lakini aulizwe pia kama aligongwa kichwa siku hiyo. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtoto azimie wala atoke damu. Kutapika kurudiarudia, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, degedege, mboni zisizolingana au majimaji yanayotoka sikioni au puani ni dalili za kumpeleka hospitali bila kungoja asubuhi. Asiye na dalili hizo, lakini aliyeona kizunguzungu au kuchanganyikiwa baada ya kugongwa, asirudi uwanjani siku hiyo hata akisisitiza kuwa yu mzima, na azoee kwanza kukaa darasani ndipo arudi mpirani.