Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto



Msomaji wetu mmoja, mama wa makamo anayeishi Kisauni, ametuletea swali. Binti zake wamemshauri aache kwenda Marikiti. Wanamwambia kuwa mchele, pojo na bizari zote zinapatikana katika maduka makubwa ya Nyali, penye ubaridi na nafasi ya kuegesha gari, na bei imebandikwa hata hakuna haja ya kubishana na mtu. Yeye amezoea kupatana bei tangu utotoni. Anauliza: je, kupatana bei ni ukosefu wa haya? Na katika biashara mbili hizi, ya soko na ya duka kubwa, ipi iliyo karibu zaidi na sharia?

Kupatana bei si aibu. Wanazuoni wanakuita musawama, na Mtume wetu (s.a.w.) alipatana bei ya ngamia na Jabir bin Abdillah (r.a.) walipokuwa safarini. Walipofika Madina, Bilal aliamrishwa ampimie Jabir thamani yake na kumzidishia, kisha Jabir akarudishiwa na ngamia wake juu yake. Basi mama na aendelee kupatana bei, ila aangalie namna anavyopatana. Yuko anayemkazania muuza mchicha kwa shilingi 10, kisha akaingia duka kubwa na kulipa kila alichoambiwa bila kufungua kinywa. Huyo hapatani bei, bali anachagua mnyonge wa kumshinda.

Swali la pili halijibiki kwa kutazama rafu wala meza ya sokoni. Hatuna budi kurudi nyuma hadi kule bidhaa ilikotoka, na nitachukua mfano wa pojo, kwa kuwa hazikosekani katika nyumba zetu.

Pojo hizi, ambazo wenzetu wa bara wanaziita ndengu, sehemu kubwa hutoka Ukambani, na Migwani katika kaunti ya Kitui ni miongoni mwa mahali zinapolimwa sana. Mwaka 2018 gavana wa wakati huo, Bi. Charity Ngilu, aliendesha kampeni kubwa ya kuwahimiza wakulima wapande ndengu, kwa kuwa zao hili hukomaa upesi na huvumilia ukame. Tena barabara ya lami imejengwa kutoka Kibwezi kupitia Mutomo, Kitui na Kabati hadi Migwani, na Kibwezi iko katika njia kuu ya kuja Mombasa. Kwa hiyo Migwani imetusogelea kuliko ilivyokuwa zamani, na yanayotendeka katika soko lake yanatuhusu.

Huko hutegemewa zaidi mvua za vuli. Ndengu huvunwa kati ya Januari na Februari, na Januari ndipo shule zinapofunguliwa. Mama mkulima ana magunia mawili nyumbani na mtoto aliyerudishwa kwa karo. Dalali anaijua kalenda hiyo vizuri. Haingoji siku ya soko; anaingia vijijini kwa pikapu, ana fedha taslimu mkononi, na ananunua mlangoni kabla mzigo haujafika mahali ambapo wanunuzi wengine wangeushindania.

Jambo hili lina jina katika vitabu vyetu. Katika Hadithi zilizo sahihi, Mtume (s.a.w.) amekataza kuupokea msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei. Wenye kusoma Minhaj ya Imam Nawawi wanalikumbuka: katika madhehebu yetu ya Shafii uuzaji huo unasihi, lakini mwenye kuwapokea amepata dhambi, na muuzaji akigundua kuwa amepunjwa ana hiari ya kuvunja mauzo. Tazama sharia ilivyomtazama mtu wa shamba. Haikumlaumu kwa kutojua bei, bali imemlaumu aliyeijua akamficha.

Atasema msemaji kwamba siku hizi kila mtu ana simu na mkulima anaweza kuuliza bei ya Kongowea akiwa shambani kwake. Ni kweli, na akiijua bei kisha akaridhika, mauzo yamepita. Lakini karo haingoji. Kumwongezea mwenye dhiki kidogo juu ya bei aliyolazimika kuikubali hakupo katika sharti za kusihi mauzo, kumo katika ihsani, na kwa maoni yangu hapo ndipo mfanyabiashara Mwislamu anapojulikana.

Kisha kuna kipimo. Wazee wetu wa pwani walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto: cha tele kimejaa hadi kikafanya kilima, cha mfuto kimepanguswa juu kikawa sawa na ukingo. Bara wanatumia gorogoro, kopo la kilo 2. Malalamiko ya wakulima hayajabadilika miaka nenda miaka rudi: dalali anaponunua, gorogoro ni ya tele, na pengine kopo lenyewe limetanuliwa, anapouza, ni ya mfuto, na pengine kitako chake kimebonyezwa ndani. Anayesoma Suratul Mutaffifin anajua kuwa inaanza kwa kumwonya mtu huyu huyu, mwenye kujipimia kwa ukamilifu na kuwapimia wengine kwa upungufu.

Hapa sina budi kuyasifu maduka makubwa. Mizani yao ni ya umeme, uzito umechapwa juu ya pakiti, na mtoto wa miaka saba aliyetumwa na mamake hupimiwa sawa na tajiri. Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914, lina wauzaji waaminifu wengi, lakini uaminifu wa huko ni wa mtu kwa mtu, na mgeni hana njia ya kuujua ila kwa kujaribu.

Hata hivyo pakiti iliyopimwa kwa haki haikuelezi kama aliyeileta amelipwa. Tuliliona hilo kwa Nakumatt, ambayo ilikuwa na duka kubwa hapa Nyali. Ilipoanguka, wadai walipiga kura Januari 2020 ifilisiwe, na miongoni mwao walikuwamo walioipelekea bidhaa wakangoja fedha zao miaka. Mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhuluma, nayo haionekani na mnunuzi anayesukuma kigari chake katikati ya rafu.

Jibu langu kwa mama, basi, ni kwamba aende popote panapomfaa, na binti zake wasimdharau. Akiwa Marikiti aombe kupimiwa kwa mizani badala ya kopo. Na kwa kuwa ametaja kwamba yeye na majirani wanane wanachanga fedha kila mwaka kununua vyakula vya Ramadhani, wanaweza kuagiza magunia moja kwa moja kutoka Migwani msimu wa mavuno. Wamtume mtu mwaminifu mwenye mizani, amweleze mkulima bei ya Kongowea ya siku ile kabla ya kutaja bei yake, aondoe nauli waziwazi, kisha alipe papo hapo.

Wallahu aalam.