Mchezo wa Undertale na Sisi Wachezaji Wake



Muhula huu katika mabweni yetu hapana jambo lililozusha ubishi kama mchezo wa kompyuta uitwao Undertale. Kuna wanaousifu mpaka povu likawatoka, na kuna wanaosema ni mchezo wa kitoto, wenye picha zilizochorwa na mtu aliyekuwa akisinzia. Mimi nimeumaliza mara mbili na nimewasikiliza wa pande zote. Sasa naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu, si juu ya mchezo wenyewe tu, bali hasa juu ya sisi tunaoucheza.

Kwa faida ya wanafunzi wa zamani ambao huenda hawajauona, nitaeleza kwa ufupi. Mtunzi wake ni Mmarekani, Bw. Toby Fox. Mwaka 2013 aliwaomba watu wamchangie dola 5,000 apate kuutengeneza, nao wakamchangia zaidi ya dola 51,000. Mchezo ulitoka tarehe 15 Septemba 2015. Hadithi, muziki na mpango wa mchezo, karibu yote aliyafanya mwenyewe, na katika picha alisaidiwa zaidi na Bi. Temmie Chang. Picha zenyewe ni za vimraba vimraba, na mapambano ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa kusudi la kufanana na michezo ya zamani, hasa ule wa Kijapani uliouzwa Marekani mwaka 1995 kwa jina la EarthBound, uliotungwa na Bw. Shigesato Itoi. Huo nao ulijaa mizaha, na Bw. Fox alikuwa mmoja wa wapenzi wake wakubwa.

Hadithi ni hii. Hapo kale wanadamu na mazimwi walipigana vita, wanadamu wakashinda, wakawafungia mazimwi chini ya mlima kwa uchawi. Miaka mingi baadaye mtoto mmoja aanguka katika shimo la mlima ule, na mtoto huyo ndiye wewe mchezaji. Yakupasa kutafuta njia ya kurudi kwenu. Kila ukutanapo na zimwi una hiari: waweza kumpiga, au waweza kuzungumza naye, kumsifu, kumbembeleza, kisha ukamwachilia. Wakati wa zamu yake wewe ni moyo mdogo mwekundu ndani ya kisanduku, ukikwepa risasi zake huku na huku. Mchezo wote waweza kuumaliza bila kuua hata zimwi mmoja.

Sasa nije kwenye mizaha, maana hapo ndipo penye kiini cha habari. Kuna chura ambaye ukimsifu haelewi ulichosema, lakini afurahi vivyo hivyo. Kuna mbwa mwenye upanga ambaye ukimpapasa shingo hurefuka, ukimpapasa tena hurefuka zaidi, hata kichwa kikatoka nje ya picha. Kuna kizuka kinacholia ovyo, na silaha yake ni machozi. Kuna mifupa miwili, ndugu wawili, Sans na Papyrus, ambao majina yao ni majina ya aina mbili za herufi za kompyuta zinazochekwa sana na wachapaji, na kila mmoja maneno yake yameandikwa kwa herufi zake. (Ile ya Sans ndiyo iliyotumika katika tangazo la zamu ya usafi lililobandikwa bwalo. Nendeni mkatazame.) Huyo Papyrus atamani sana kuwa askari wa mfalme, basi akutegea mitego. Mmoja ni njia ya kupotezana yenye kuta za umeme zisizoonekana. Lakini ili akupe chombo chake cha mtego, aipita yeye mwenyewe mpaka ulipo, na nyayo zake zabaki chini zikikuonyesha njia nzima.

Nasi wanafunzi tusisahau yule Temmie muuza duka, ambaye unaweza kumlipia ada ya chuo, vipande 1,000 vya dhahabu. Huenda, akarudi papo hapo akiwa amehitimu. Katika bweni letu hapana mzaha uliochekwa kama huo, na waliocheka zaidi ni wale ambao ada zao za muhula hazijatimia.

Wapinzani wa mchezo huu wana hoja kadhaa. Hoja ya picha mbaya siiwekei maanani. Anayetaka picha nzuri akatazame kalenda. Wanaosema ni mfupi wasema kweli, kwani saa sita au saba zatosha kuumaliza mara ya kwanza, lakini mimi sijamsikia mtu akilaumu chai kwa sababu kikombe kilikuwa kitamu na kikaisha.

Hoja ya mizaha yataka kujibiwa kwa heshima zaidi. Mwenzetu mmoja wa darasa la juu alisema kwamba hakucheka hata mara moja, na nilipokaa naye nikaona sababu. Mizaha mingi ya Sans ni michezo ya maneno ya Kiingereza juu ya mifupa, na sisi ambao Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili, tukifika kwenye kamusi mzaha umekwisha kupoa. Tena mizaha mingine huwakejeli wale wa zamani waliozoea michezo ya namna hii, ambamo shujaa huingia nyumba za watu bila hodi, hufungua makabati, huchukua dhahabu, na huua kila kiumbe cha njiani ili aongeze alama za nguvu. Mtu asiyeijua desturi hiyo hawezi kucheka ikigeuzwa. Nafikiri wazee wetu waliomaliza hapa zamani, waliocheza michezo ile wakiwa vijana, watacheka mahali ambapo sisi twapita kimya.

Lakini yule mwenzetu alimcheka mbwa wa shingo ndefu. Alikana, ila nilimwona.

Nasema kiini cha habari ni mizaha kwa sababu hii. Huruma katika mchezo huu haitokani na mahubiri. Yatokana na kicheko. Ni vigumu mno kumpiga upanga mtu aliyekuchekesha dakika moja iliyopita. Papyrus akusimamia njiani akutishe, nawe wakumbuka nyayo zake katika ule mtego, wakumbuka tambi zake zilizoganda kwa baridi, basi mkono wakataa wenyewe. Na anayefuata njia ya kuua, akawawinda mazimwi wa kila mahali mpaka asibaki hata mmoja, adhabu yake ya kwanza ni kwamba vichekesho vyakoma. Muziki wavutwa polepole, vijiji vyabaki vitupu, mitego yaachwa bila mtu wa kuieleza. Ni kama kuingia bwaloni siku ya kufunga shule, baada ya basi la mwisho kuondoka. Yanayofuata baada ya hapo sitayasema.

Sasa nawageukia wachezaji, na hasa wale wanaojiita wapenzi wa kweli wa mchezo huu.

Mwanzoni mwa safari mtoto apokewa na mama mmoja mwenye sura ya mbuzi, jina lake Toriel. Amshika mkono, ampitisha penye miiba, ampikia pai ya mdalasini, na ataka abaki naye daima. Mtoto akitaka kuondoka, Toriel amzuia mlangoni, na hapo wapambana. Kuzungumza naye hakufai kitu. Mchezaji aliyezoea michezo ya zamani afikiri: nitampiga kidogo kidogo mpaka adhoofike, kisha nitamwachilia. Basi ampiga, ampiga tena, na ghafula pigo moja lawa kubwa kuliko yote, na mama yule afa. Dawa ilikuwa kumwachilia, akikataa umwachilie tena, na tena, zaidi ya mara kumi, bila kuchoka. Tena ukitazama vizuri utaona kwamba uhai wako ukikaribia kwisha, mioto yake yaanza kukupita kando. Hataki kukuua. Mchezaji aliyeona hayo akiwa amechelewa huzima mchezo, hurudi nyuma, humwokoa Toriel, akidhani hapana aliyejua. Akitoka nje ua moja lenye uso lamngojea njiani, nalo lamwambia kwamba lajua alichofanya.

Sijaona katika mchezo wo wote somo lililofundishwa vizuri kuliko hilo. Wengi mno walioucheza, ukiwauliza, watakuambia kwamba Toriel aliwafia mara ya kwanza, na kwamba hawakusahau.

Basi tazameni tunavyofanya sisi. Mtoto wa kidato cha kwanza aketi mbele ya kompyuta siku ya Jumamosi, na nyuma ya kiti chake wasimama watu watano. Afikapo kwa Toriel, wote wapiga kelele pamoja: "Usimpige! Mwachilie! Mwachilie tena!" Mtoto afanya alivyoambiwa. Toriel aishi. Mtoto apita mlangoni, na usoni pake hapana furaha wala huzuni, ni kama mtu aliyebebeshwa ndoo ya maji na mkubwa wake. Na mwingine, ambaye alicheza peke yake akampiga, aliitwa "Mwuaji" kwa majuma matatu, bwaloni na uwanjani, na wale wale wanaojisifu kwamba mchezo huu uliwafundisha huruma.

Jambo hili si la kwetu tu. Tangu mwaka ule wa 2015 wachezaji wa ng'ambo waliojirekodi wakicheza walitukanwa na kuandamwa na watazamaji kwa kuua zimwi huyu au yule, au kwa kutofuata njia iliyodhaniwa kuwa ndiyo ya haki. Wengine walichoka wakaacha. Mwaka huo huo, watu wa GameFAQs walipopigiana kura kuchagua mchezo bora kuliko yote, Undertale ulishinda, na wapenzi wa michezo mingine wakaudhika, matusi yakaruka pande zote mbili. Bw. Fox mwenyewe, mchezo wake ulipotimiza mwaka mmoja, aliandika kwamba yeye auona kama mchezo wa watu wachache, wa alama 8 kwa 10. Napenda kiasi hicho. Mtunzi aupa 8, na wapenzi wake wako tayari kupigana ngumi kwa ajili ya 10.

Wapo watakaoniuliza: je, si vema wadogo wafundishwe kuhurumia? Kuna ubaya gani kumwambia mtoto asiue? Najibu kwamba mchezo wenyewe wamwachia hiari, na hiari hiyo ndiyo kazi yake yote. Ukiiondoa, kilichobaki ni vimraba vyeusi na vyeupe na risasi za kukwepa. Mtoto aliyempiga Toriel, akajuta, akarudi, akaambiwa na lile ua yale aliyoambiwa, huyo anacho kitu chake mwenyewe. Yule aliyepitishwa na wakubwa watano hana kitu. Wala hatujui angefanya nini kama angekuwa peke yake, naye pia hajui.

Tena wengi wa hao wanaosimama nyuma ya kiti hawajaucheza. Wameutazama tu katika filamu za wengine, na wanaijua mpaka ile njia ya kuua yote, ambayo hawangethubutu kuifuata kwa mikono yao lakini waliitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Nawajulisha kwa upole kwamba ndani ya njia ile lile ua lina neno kali juu ya watu wanaosimama kando na kutazama. Kama mmelisikia, sikuona kama limewachoma.

Ombi langu kwa mwalimu mlezi wa chumba cha kompyuta ni dogo. Anayecheza mchezo huu kwa mara ya kwanza apewe kiti cha pembeni kinachoelekea ukutani, na asiyecheza asisimame nyuma yake. Tumekwisha weka kanuni kama hiyo kwa wanaoandika barua nyumbani, na hapana aliyelalamika.

Mwenye maoni kinyume cha yangu na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha, hata akiupa mchezo 3 kwa 10. Ila namwomba asitaje yanayotokea kwa mfalme, kwa maana kitanda cha chini yangu analala mdogo wangu wa kidato cha pili ambaye juzi tu amefika kwenye mji wa theluji, na mpaka jana usiku alikuwa bado anampapasa yule mbwa.